Kidole Chini ya Hina

Jumatatu, 4 Novemba

Mama Neema kagonga geti saa kumi na mbili na robo, kama kawaida. Shikamoo, bibi. Marahaba. Nusu lita. "Chemsha vizuri." Miaka mitatu ananiuzia maziwa na kila asubuhi ananikumbusha nichemshe, utadhani mimi nimezaliwa juzi. Nikafunga geti.

Kidole cha shahada, mkono wa kulia, kinauma. Mwiba wa samaki, yule changu wa juzi. Nilidhani nimeutoa wote.

Chai, mkate wa jana, redio. Nimefagia uwanja uliokuwa tayari umefagiwa. Saa nane nikalala, saa tisa nikaamka. Hakuna aliyekuja.

Naandika kama nilivyoandika katika masjala ya mahakama miaka thelathini na moja. Tarehe, jambo, basi. Marehemu mume wangu huu mwaka wa sita. Saumu, mwanangu wa pekee, yuko Mwanza na hupiga simu Jumapili. Nyumba ina vyumba vinne, nami natumia kimoja.

Jumanne, 5 Novemba

Bi Zaituni kaja! Nyumba yake ya tatu kutoka kwangu, tulisoma darasa moja, na mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa Idi. Nilijua anachotaka kabla hajakaa. Mtoto wa bintiye Rukia anatimiza arobaini Jumamosi. Wanataka boko boko, ngano iliyosongwa na nyama. Kasema shughuli bila boko boko ya Bi Mwana si shughuli. Nikamjibu nitaangalia kama nina nafasi. Nafasi ninayo mpaka ya kugawia majirani.

Kakaa nusu saa. Kaniuliza habari za Saumu, kacheka, kaomba sukari zaidi. Alipoondoka nilikaa na kikombe chake mkononi mpaka kikapoa.

Sijidanganyi. Mtaa wetu wa Makorora hunikumbuka kwa sufuria. Wakitaka boko boko wanakuja, wasipotaka ni salamu za kupungiana mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Na sasa kuna binti mtaa wa pili anasaga nyama kwa blenda. Wanasema boko boko yake si mbaya. Nimeionja. Uji wa mgonjwa ule, lakini watu wavivu wa kutafuna wataupenda.

Jumatano, 6 Novemba

Kidole kimevimba, chekundu mpaka kwenye kifundo. Ni mdudu wa kidole, sina shaka. Nimekivisha ndimu iliyotobolewa, nimeshinda nayo kutwa nzima. Kinapwita. Kwenye sala nilipokinyoosha kwa shahada nikauma meno.

Ningeenda zahanati. Lakini najua watanifunga bendeji kubwa kama yai, na Zaituni akiiona, kesho atakuwa mlangoni kwa yule wa blenda.

Sijaenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata dawa. Hina.

Mama yangu alikuwa akitutia hina kwenye kidole cha mdudu, akifunga na kitambaa, asubuhi tunaona nafuu. Basi nikaenda sokoni kununua ya unga. Muuza viungo kanitazama nywele zangu nyeupe, kauliza kwa sauti ya soko zima, "Bi Mwana, huyo mchumba yuwatoka wapi?" Nikamwambia anatoka Pemba, ana meno yake yote. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka. Muda mrefu sijacheka pamoja na watu. Nilirudi nyumbani njia ndefu.

Nimepaka vidole vyote kumi, si kimoja tu, ionekane pambo. Imekolea vizuri, nyekundu ya kukaribia nyeusi. Uvimbe hauonekani ila ukijua pa kutazama.

Ijumaa, 8 Novemba

Nyama imeletwa asubuhi, ndoo mbili, haina mafuta. Nimeichemsha mpaka imelainika, nikaiacha ipoe. Baada ya Alasiri nikajifungia jikoni kuichambua.

Boko boko ni nyama hii. Ngano yeyote anaweza kuisonga. Nyama lazima ichambuliwe kwa mkono mtupu, uzi mmoja mmoja, nyembamba mpaka ikipikwa upya ipotee ndani ya ngano, mtu aisikie mdomoni asiione. Si uma, si kisu. Nilifundishwa na mama, naye na mama yake, na wote walichambua peke yao mlango umefungwa.

Zaituni alituma wasichana wawili wanisaidie. Nimewarudisha. Nimewaambia mikono mingi inaharibu ladha. Hiyo nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kidole.

Katikati ya kazi kilipasuka. Nilisikia nafuu, ule umajimaji, kabla ya kuona. Nikanawa kwa maji ya chumvi, nikafuta, nikaendelea. Plasta singeweza, ingebaki ndani ya chakula cha watu. Kwa ile hina hata mimi sikuona sawasawa kama kinatoka kitu au la. Kesho nyama inakaa motoni kwa saa sita nzima. Moto hausazi kitu.

Magharibi Mama Neema alileta ndoo ya mtindi wa shughuli, nimpelekee Zaituni asubuhi. Kaona mabeseni mawili ya nyama mezani. Friji yangu ni ndogo, imejaa barafu ya sharubati. Akasema, "Bibi, joto hili. Nitoe madumu yangu, nyama ilale kwenye friji yangu." Nikamwambia haina haja.

Niandike na sababu, maana hapa hakuna wa kunisikia. Niliogopa watu watasema chakula cha arobaini kimelala chumbani kwa Mlutheri. Nimefunika kwa kawa na kanga safi, karibu na jiko.

Jumamosi, 9 Novemba

Adhuhuri. Nimesonga kwa Zaituni tangu alfajiri. Imetoka kuliko zote nilizowahi kupika. Samli imeingia mpaka ndani, vitunguu vimekauka vizuri juu. Nilionja mara nne, tano. Rukia katoka na mtoto wake amevaa nyeupe, kaja moja kwa moja kwangu, kanibusu mkono. Mkono ule ule. Mzee Athumani, kaka yake Zaituni, mtu asiyesifu hata mvua, karudia sahani. Wanawake walinikalisha katikati ya mkeka. Mmoja kasema hina imenipendeza.

Baada ya Magharibi. Sijui nianzie wapi. Alasiri haijaadhiniwa vizuri, mtoto mmoja akatapika uwanjani. Tukasema ni pilika za shughuli. Kisha mama yake. Kisha watu watatu kwa mpigo. Rukia kapiga magoti kwenye mfereji, hawezi kumshika mtoto. Mzee Athumani kaanguka akienda chooni. Mzee ana sukari. Wamempakia bajaji mpaka hospitali.

Mimi nilijikaza mpaka nyumbani. Nikatapika kwenye beseni, mara nane, nikashika ukuta. Tumbo linakatika. Hakuna wa kunimwagia maji mkononi. Nilijimwagia mwenyewe.

Jumapili, 10 Novemba

Mimi sikunywa mtindi.

Hilo ndilo la kwanza nililofikiri nilipoamka. Mtaa mzima asubuhi hii unasema ni mtindi. Mtindi wa Mama Neema, maziwa ya Mama Neema, ndoo zake, mikono yake, dini yake. Wanasema boko boko ilichemka kwa saa sita, haiwezi kuwa. Wananitetea! Zaituni mwenyewe kaja, uso umemshuka, kaniambia, pole, nawe umekula sumu ya yule mwanamke.

Lakini sikunywa mtindi. Na Mzee Athumani hajawahi kuonja maziwa tangu utoto, yakimfikia puani anahama chumba. Yeye ndiye aliyelazwa, ana dripu mbili.

Saumu kapiga simu. Nimemwambia mimi mzima. Kaniuliza mbona sauti imekauka. Nikasema vumbi.

Jumatatu, 11 Novemba

Alfajiri mpwa wake Zaituni kamvizia Mama Neema njiani, kamwaga dumu zima barabarani. Nilisikia kelele nikiwa nyuma ya dirisha. Baadaye geti likagongwa, saa moja badala ya saa kumi na mbili. Shikamoo, bibi. Mkononi ana kidumu kimoja kilichobaki. Kanga yake imelowa mpaka magotini. Akaniuliza, "Bibi, wewe unaniamini?" Nikampa sufuria, akanimiminia. Sikujibu. Akadhani nimejibu.

Saa nne kaja afisa afya, msichana mdogo, daftari kubwa, viatu vya kufunga. Alitukusanya tuliopika na tulioandaa. Boko boko yote ilishaliwa na masufuria yameoshwa, kwa hiyo amechukua mabaki ya mtindi kwenda kupima. Watu wakatikisa vichwa, kama kesi imekwisha.

Yeye hakutikisa. Kauliza waliougua walianza saa ngapi. Alipoambiwa baada ya saa mbili, tatu, akaandika akapiga mstari chini. Kisha akatueleza polepole, kama mwalimu. Kuna vijidudu vinavyokaa kwenye kidonda na kwenye jipu, hata puani mwa mtu mwenye afya. Vikiingia kwenye chakula kilichokwisha kuiva, na chakula hicho kikakaa na joto, vinazaana na kutema sumu humo humo. Chakula hakinuki. Hakibadiliki rangi. "Ukikichemsha upya," akasema, "vijidudu vinakufa. Sumu yao haifi."

Nikaingiza mkono ndani ya kanga.

Akaomba kuona mikono. Ya Mama Neema aliitazama mbele na nyuma. Yangu aliishika, akaona hina, akatabasamu. Kaniuliza kama nina kidonda. Nikasema sina.

Miaka thelathini na moja nimewasikiliza watu wakiapa na kudanganya. Nilikuwa nawadharau.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefanya jambo baya. Naliandika lilivyo.

Saa kumi na mbili na robo geti limegongwa. Nilipofungua, Zaituni na wanawake wawili walikuwa wamesimama ng'ambo wakitazama. Mama Neema kaniamkia, kanyoosha mkono apokee sufuria. Nikamwambia leo sihitaji. Akasema, hata robo, bibi? Nikasema sihitaji maziwa yake, tena kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Kanitazama kidogo. Kafunika kidumu, kaondoka.

Mmoja wa wale wanawake alinipungia mkono.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna aliyegonga.

Alhamisi, 14 Novemba

Chai ya rangi. Niliamka saa kumi na mbili kasoro, nikasimama uani, nikasikiliza. Baiskeli ya muuza mkate. Majogoo. Mlango wa jirani. Saa moja nikaingia ndani.

Nimefanya hesabu ya watu walionigongea mwaka huu bila kutaka kupikiwa. Msoma mita. Kijana aliyekosea nyumba. Na Mama Neema, kila siku, mvua na jua. Ndiye aliyeniletea panadol nilipougua mwezi wa Ramadhani. Ndiye aliyegundua nimeanguka bafuni mwaka juzi, kwa sababu sikufungua geti. Nilikuwa nikimwona kama kengele ya saa. Nilikuwa nakaa kusubiri watu, na mtu alikuwa amekwisha kuja saa kumi na mbili na robo.

Ukucha wa kidole umeanza kung'oka. Hina inafifia na chini yake ni rangi ya zambarau.

Ijumaa, 15 Novemba

Mzee Athumani katoka hospitali. Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kumjulia hali. Nilikwenda na nia. Njiani nilirudi mara mbili.

Chumba kimejaa wanawake, mzee kaegemezwa mito, Rukia pembeni ananyonyesha, macho bado yameingia ndani. Zaituni alikuwa anasimulia upya habari za mtindi, kwa mgeni aliyetoka Pangani. Ameongeza kwamba ndoo ilikuwa na harufu. Haikuwa na harufu. Niliibeba mimi.

Nikasema, "Zaituni, si maziwa. Ni mkono wangu."

Nikafungua kitambaa, nikawaonyesha. Nikaeleza yote, mwiba, ndimu, hina, kidole kupasuka ndani ya nyama, mabeseni kulala na joto. Nikaeleza na friji niliyopewa nikaikataa, na kwa nini. Na kwamba nilimdanganya afisa afya. Niliongea kama nasoma mwenendo wa kesi ya mtu mwingine, na ndivyo nilivyoweza kufika mwisho.

Zaituni kakitazama kidole muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Ningekwambia, ungemwita yule wa blenda."

Akafikiri. Zaituni huongeza chumvi kwenye hadithi, ila akiulizwa ana kwa ana hadanganyi, tangu darasa la pili. "Ningemwita," akasema. "Na wewe ningekuletea uji."

Nikafunga kitambaa upya.

Rukia akamfunika mtoto, akageukia ukuta. Mzee Athumani ndiye aliyesema, kitandani pale, macho kayafumba. "Basi maziwa ya watu mlimwaga bure."

Nikaaga. Hakuna aliyenisindikiza.

Jumamosi, 16 Novemba

Zahanati. Wamekipasua, wamekisafisha, ukucha umetolewa wote. Nililia, na muuguzi akadhani ni kidole. Wamenipa vidonge vya siku saba.

Kisha nikamtafuta afisa afya ofisini kwake. Nikampa maelezo upya, nikaomba ayaandike na nisaini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema mtindi umerudi kutoka maabara, hauna tatizo lolote. Kaniambia wenye vidonda huficha kwa sababu wanaogopa kukosa kazi. Nikamwambia mimi sikuwa na kazi ya kukosa. Kaacha kuandika, kaniangalia.

Bendeji yangu ni kubwa kama yai. Nimepita nayo mtaa mzima.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwenda chumbani kwa Mama Neema. Kufuli. Mwenye nyumba kasema kahama tangu Alhamisi, yeye na binti yake na friji yake, juu ya mkokoteni. Hajui wapi. Hakuuliza.

Alhamisi nilikuwa uani nasikiliza majogoo. Ningetoka nje tu, ningeuona mkokoteni.

Alhamisi, 21 Novemba

Muuza mkate kaniambia. Mama Neema yuko Mikanjuni, ana meza mbele ya duka la mkaa.

Nimekwenda kwa miguu, sufuria ndani ya kikapu. Nilipumzika mara tatu. Nilimkuta ana wateja watatu, nikapanga foleni nyuma yao. Zamu yangu ilipofika hakuniamkia. Hajawahi kuacha kuniamkia, hata siku alipokuwa na kanga iliyolowa maziwa. Akasubiri niseme kiasi, kana kwamba hanijui.

Nikasema nusu lita. Akapima.

Nikamwambia, "Mama Neema, ni mimi niliyewadhuru watu. Nimewaambia wote."

"Nimesikia."

"Nisamehe."

Akafunika dumu. Kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Bibi, siku ile pale getini, ulikuwa umeshajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika.

"Nilijua," nikasema.

Akamgeukia mteja aliyefuata.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekwenda kila siku. Nusu lita, kimya, narudi. Magoti yananiambia ya kwao.

Makorora wote sasa wanajua ukweli. Afisa afya kapita tena, kawasomea majibu ya mtindi mbele ya nyumba ya Zaituni. Watu wameitikia. Mpwa aliyemwaga maziwa kainamisha kichwa. Na bado nikimwuliza mwanamke yeyote, je, akirudi mtanunua kwake, anaangalia pembeni. Mmoja kasema anajua si yeye, ila moyo umeshakataa. Nimekumbuka maneno ya yule msichana wa afya. Uongo wenyewe umekufa. Sumu yake imebaki.

Mimi hawanitukani. Ningependa wanitukane. Wananisalimia kwa adabu na kupita. Hakuna wa kuomba tena chakula changu, wala wa kukila nikikituma. Nilituma maandazi kwa jirani Ijumaa. Jioni niliyaona kwa kuku.

Saumu kapiga. Safari hii nimemwambia. Kasema, mama, siku zote hizo ulikuwa na nani? Nikamwambia, peke yangu. Atakuja Desemba, akipewa ruhusa.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua. Mikanjuni kote tope. Nimeteleza karibu na duka la mkaa, sufuria ikaruka. Muuza mkaa kaniinua. Mama Neema alisimama, akatoka nyuma ya meza hatua mbili. Kisha akarudi. Akanipimia nusu lita. Kama ilizidi kidogo, sikuuliza.

Kesho nitatoka mapema zaidi, kabla ya foleni.

Jumapili, 1 Desemba

Zaituni kaja. Hakuwa na shughuli. Nilimngojea aseme anachotaka, hakusema. Kaleta uji kwenye chupa ya chai. Tulikunywa pamoja. Kauliza kidole kinaendeleaje, kakishika, kakigeuza. Kasema Rukia bado ana hasira. Nikasema ni haki yake. Kauliza kila asubuhi nakwenda wapi na kikapu. Nikamwambia.

Kasema ni mbali. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 4 Desemba

Ukucha mpya umeanza kuota chini kabisa, mwembamba, kama ganda la kitunguu. Hina imebaki kwenye ncha za vidole vingine tu. Nikikata kucha wiki ijayo itakwisha.

Nimetoka baada ya sala ya alfajiri. Mvua imekatika. Nilifika Mikanjuni kabla ya wateja wengine, Mama Neema anapanga madumu, binti yake Neema anafuta meza. Nikaweka sufuria. Nilikuwa nimeshazoea kutotazama uso wake, nikawa natazama mikono. Kucha fupi, safi. Zilikuwa hivyo miaka yote mitatu.

"Shikamoo, bibi."

Neema aliacha kufuta meza akanitazama, labda alidhani sikusikia.

"Marahaba," nikasema.

Kapima nusu lita. Kanifunikia sufuria kwa mfuniko, kaisukuma kidogo upande wangu. Akasema nichemshe vizuri.

Nimerudi nyumbani. Nimeyabandika maziwa motoni, nimesimama hapo hapo mpaka yakapanda.